Bei ya Kumtoa Mtu

Hakuwahi kubandika bei ukutani. Maduka mengine yote pale Mosocho yalikuwa na karatasi: kutoa kopi pesa hizi, kuchapisha pesa hizi, picha za kitambulisho pesa hizi. Kwake ukuta ulikuwa mtupu, rangi ya bluu iliyobambuka, na msumari mmoja wa kutundikia koti. Ukiingia na picha mkononi ukauliza ni pesa ngapi, hakukujibu. Aliichukua, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaitazama mpaka ukaanza kuona haya kana kwamba ni wewe umevuliwa nguo. Kisha akauliza, "Ya nini?"

Hilo tu. Ukisema ya shule, alitaja bei ya shule. Ukisema ya matanga, alitaja nyingine. Ukisema ni ya kutundika sebuleni wageni waione, hapo ungejuta kufungua mdomo.

Tulimwita Fundi wa Picha, au Fundi basi. Jina lake la ubatizo ninalijua lakini silitaji, maana ana watoto na hawajanikosea. Kibanda changu cha ndizi kilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni pake, na tulikaa hivyo miaka kumi na minane. Nilimwona zaidi kuliko mke wake alivyomwona. Nilijua akikohoa ni vumbi au ni hasira.

Alikuwa mtu msafi wa kuudhi. Kabla ya kugusa picha ya mtu alinawa kwa sabuni, akajifuta kwa kitambaa ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukishika. Chai alikunywa ya rangi, bila sukari, kwa sababu sukari hunata vidoleni. Koti alilifunga vifungo vyote hata jua likiwa la kupasua kichwa. Na alizungumza na watu wa kwenye picha. Ungemsikia peke yake mbele ya kompyuta akisema, "Tulia, mzee, nakutoa hii alama shavuni," au "Mama, nani alikufunga kilemba hivi?" Mwanzoni nilidhani ana wageni.

Bei ya picha ya watu wengi aliihesabu kwa vichwa. Siku moja walikuja watu wa ukoo mmoja kutoka Tabaka, wachonga mawe, na picha ya familia iliyoloa maji. Vichwa kumi na tisa. Babu yao akasema, "Fundi, hao sita ni watoto. Mtoto ni nusu kichwa."

"Wewe ukichonga kiboko mdogo wa kukaa kiganjani," Fundi akamuuliza, "unamuuza nusu ya kiboko mkubwa?"

Mzee akacheka. "Mdogo ndiye hunisumbua zaidi. Sikio lake likivunjika nimepoteza jiwe."

"Basi umejitajia bei mwenyewe."

Walilipa vichwa vyote, na mzee akaondoka akiwa amefurahi, kwa sababu alishindwa na mtu anayejua kazi. Hiyo naielewa. Mimi nauza ndizi. Mteja akinishinda kwa akili namwongezea moja.

Mwingine alikuja na gari kutoka Nairobi, na picha ya mama yake aliyekufa, imekatika pembeni. Fundi akasema elfu tatu. Yule bwana akaruka: "Elfu tatu! Nairobi hii ni mia tano!"

"Basi mpeleke Nairobi," Fundi akamwambia polepole. "Kuna mtu anamjua huko?"

Soko zima lilicheka. Yule bwana alilipa.

Sasa usidhani alikuwa chui kwa kila mtu. Kuna msichana alikuja kutoka upande wa Birongo, mtoto wake amekufa akiwa na wiki tano, na picha iliyokuwepo ni moja tu, ya simu, mtoto amefunga macho na blanketi limemfunika nusu ya uso. Fundi alikaa na ile picha siku mbili. Hakufanya kitu kingine. Alimtoa blanketi usoni, akamtafutia shavu, akamtafutia mdomo. Yule msichana alipokuja na pesa zake zimekunjwa kwenye leso, Fundi alimwambia, "Nenda kwa Mama Moraa uninunulie ndizi moja." Akaja kwangu, akanunua moja, akampelekea. Fundi aliimenya akaila mbele yake mpaka ikaisha, kisha akasema, "Haya, umenilipa. Nenda salama." Huyo ndiye mtu ninayemsema. Ndiyo maana inaniuma. Angekuwa mbaya moja kwa moja ningeshamsahau.

Na kulikuwa na upumbavu wake mmoja mkubwa. Vijana walimfundisha kutafuta kazi kwenye kompyuta, kwa watu wa ng'ambo. Watu hao walimtumia picha za nyumba zinazouzwa atoe nyaya za stima, picha za sahani azitie weupe. Hao sasa, watu ambao hawajawahi kuona koti lake, aliwaogopa. Alijipunguzia bei kabla hawajasema neno. Siku moja alinisomea alichowaandikia, na ilikuwa kama mtu anayeomba maji.

"Umewapa bei ambayo mimi siwezi kuuzia ndizi zilizooza," nikamwambia. "Hawajaomba kupunguziwa!"

"Mama Moraa, wewe mteja wako unamwona uso. Ukitaja bei unaona amekunja kipaji au ameshika mfuko. Mimi huyu namwona maandishi tu. Akinyamaza dakika tano, mimi tayari nimesikia watoto wangu wanalia njaa."

"Na sisi ambao unatuona uso ndio unatukamua?"

"Ninyi nikiwatajia nyingi mnanitukana, mnarudi. Yeye hatukani. Anaenda tu."

Nikarudi kwa ndizi zangu.

Kazi asiyoitaka hakuikataa. Aliitajia bei. Alikuja kijana aliyetaka kuchomekwa kando ya mheshimiwa fulani, waonekane wameshikana mikono. Fundi alitaja pesa za kununua ng'ombe wa maziwa. Kijana akaenda zake akicheka. Nikamuuliza Fundi kwa nini hakumwambia tu hapana. "Mimi sikatai mtu," akasema. "Nataja bei, bei ndiyo inakataa. Hivyo hakuna anayenichukia." Alijivunia hilo kama mtu aliyegundua dawa.

Kumweka mtu kwenye picha kulikuwa rahisi kwake. Watoto walio Nairobi wakikosa Krismasi, aliwaweka. Baba aliyekufa zamani, alimweka nyuma ya bibi harusi. Kumtoa mtu ndiko kulikokuwa ghali, na alinieleza sababu siku moja akila ugali wake. Ukimtoa mtu, nyuma yake hakuna kitu. Kamera haikuona kilichokuwa nyuma yake. Lazima fundi akitengeneze: ukuta, nyasi, mguu wa kiti. "Na tena," akasema, "bei ya kumtoa mtu ina sehemu mbili. Kuna ya mkono na kuna ya mdomo. Ya mkono ni kumtoa. Ya mdomo ni kwamba hakuwahi kuwepo, na mimi sijui chochote."

Watu walileta kazi hizo nyingi kuliko unavyofikiri. Wake wenza walitoana. Wakwe waliotoroka walitolewa. Mhubiri mmoja aligombana na kanisa, akatolewa kwenye picha ya kufungua jengo alilolijenga mwenyewe. Fundi alikuwa Msabato wa kweli. Jumamosi hakugusa mashine hata ungemlilia. Jumapili asubuhi alifungua mlango, akanawa mikono, akaanza kutoa watu.

Mahali pa mtu aliyetolewa mara nyingi aliweka majani ya migomba, kwa sababu picha zetu za nyumbani zote hupigwa kando ya migomba. Majani aliyoyatumia yalikuwa yangu. Nasema hivi wazi: alikuja kwangu na kamera asubuhi moja, akapiga migomba iliyo nyuma ya jiko langu, akanipiga na mimi bure kama malipo. Kulikuwa na jani moja ambalo mvua ya mawe ililichana likabaki kama mkono wenye vidole vinne. Nilimwambia nilikate kwanza. "Acha," akasema. "Jani zima linaonekana la uongo."

Sasa nije kwa mtoto wangu.

Binti yangu Moraa aliolewa upande wa Nyamira, mke wa pili, kwa mtu mwenye chai nyingi na maneno mengi. Alileta ng'ombe mmoja wa mahari, akaahidi wengine wanne. Moraa akakaa kule miaka minne, akazaa mtoto mmoja, Kemunto, kisha akafa kwa homa ya siku tatu. Kwetu mwanamke huzikwa kwa mume wake, lakini ng'ombe kwanza. Ng'ombe hawakuwepo. Ndugu zangu waliniambia nilegeze, nikubali ahadi mbele ya wazee, mtoto azikwe kwake. Nilisema, "Binti yangu si wa kukopesha." Nilimleta nikamzika kwangu chini ya mparachichi, na Kemunto nikambeba mgongoni nikarudi naye. Cheti cha kuzaliwa nilikichukua mimi, na sikuandikisha jina la baba. Sikutaka jina lile nyumbani kwangu. Nilijiona mwanamke wa chuma.

Kilichobaki kule kuonyesha kwamba Moraa aliwahi kuwa mke wa boma lile kilikuwa picha moja ukutani, kwenye fremu. Baba wa nyumba ameketi, mke mkubwa kulia na wanawe, Moraa kushoto na Kemunto kiunoni, migomba nyuma. Niliiona kila nilipokwenda kumtembelea. Nakala sikuwa nayo.

Kemunto alikua. Huyo mtoto nikimsema mtaniona najisifu, basi najisifu: alisoma kwa ndizi zangu, leo anashona nguo zinazoagizwa mpaka Kisumu, na hajawahi kunijibu vibaya. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu baba yake alipokufa. Tulikwenda mazishini. Kulikuwa na kile kitabu cha matanga cha karatasi zinazong'aa, chenye historia ya marehemu na picha. Kemunto alifungua ukurasa wa katikati, akaniita kwa sauti ndogo, "Magokoro." Huniita hivyo kwa lugha yetu, yaani nyanya.

Ilikuwa ile picha ya ukutani. Baba ameketi, mke mkubwa kulia na wanawe. Kushoto, migomba. Hakuna Moraa, hakuna mtoto. Na kwenye hiyo migomba kulikuwa na jani lenye vidole vinne. Lilikuwa mara tatu: juu, katikati, na chini likiwa limegeuzwa lisijulikane. Mimi nimelima migomba maisha yangu yote. Ukinigeuzia jani langu nitalijua. Mtoto wangu alikuwa amefunikwa na migomba yangu mwenyewe.

Kesho yake sikufungua kibanda. Niliingia kwa Fundi nikaweka kile kitabu juu ya mashine yake.

"Hii ni kazi yako."

Aliangalia. Hakunawa mikono. "Ndiyo."

"Ulimjua uliyemtoa ni nani?"

"Nilimjua, Mama Moraa. Na mtoto wake alikuwa akicheza pale kwako akiwa mdogo hivi."

"Ukataja ngapi?"

"Elfu ishirini."

Nilikaa chini. Kazi ile kwa kawaida ilikuwa elfu mbili, tatu.

"Nilitaja hiyo ili waende," akasema haraka. "Naapa kwa Mungu. Nilisema hakuna mtu atalipa hiyo, watanitukana, wataondoka. Yule mama mkubwa alifungua mkoba akahesabu hapo hapo, hata hakuomba kupunguziwa. Sasa ningesema nini? Bei nimetaja mwenyewe."

"Ungesema hapana! Mdomo unao!"

"Sijawahi kusema hapana miaka yote hii. Sikujua inavyosemwa."

Nikamwambia sitaki toba yake, nataka ile ya kwanza, yenye Moraa. Wazee wa boma wangekaa Jumanne, waamue watoto wa marehemu ni akina nani, na majina hayo ndiyo chifu angeandika kwenye barua ya kurithi shamba. Bila jina kwenye barua ile Kemunto asingepata hata mstari mmoja wa chai. Fundi akasema ameifuta. Hiyo ilikuwa ndani ya bei. Nikamwambia basi aje yeye mwenyewe aseme kwa mdomo kwamba alimtoa mtu.

"Nikisema moja, Mama Moraa, nimesema zote. Nani ataniletea picha tena?"

Nilimtukana. Nilimtukana mama yake na mikono yake misafi. Alivumilia, alivumilia, kisha akanitazama na kusema kitu ambacho watu wengine wote walikuwa wamekaa nacho kooni miaka ishirini.

"Mimi nimemtoa kwenye karatasi. Kwenye boma alitolewa na nani? Angekuwa na kaburi kule, nani angehangaika na picha? Na wewe pia ulitaja bei, Mama Moraa. Hukutaka kushuka hata ng'ombe mmoja."

Nilimpiga kofi. Miwani yake iliangukia chini ya meza na mimi nikatoka.

Jumanne wazee walikaa. Mmoja wao, mtu mpole, akaniuliza, "Mama, kaburi la huyo mke liko wapi?" Nikasema liko kwangu. "Cheti cha mtoto kina jina la baba?" Hakina. Akafungua kile kitabu cha matanga, akaonyesha ule ukurasa kwa kidole. "Na hapa hayuko." Majirani wa kule waliokula chumvi ya Moraa walitazama nyasi. Barua iliandikwa ikiwa na majina matano. La Kemunto halikuwemo. Tulirudi nyumbani, akaketi kwenye cherehani yake akamalizia sare za kwaya, na hakuniuliza kwa nini mama yake amezikwa kwetu. Hajaniuliza mpaka leo.

Baada ya hapo tulikaa hatua kumi, mimi na Fundi, miaka mitatu bila salamu. Nilimwona kazi ikimkimbia. Simu zenyewe zilianza kutoa watu kwenye picha. Mtoto anapitisha kidole, mtu hayupo, bure, na nyuma yake kumejazwa vizuri kuliko Fundi alivyoweza. Alifunga duka, akaenda kwake.

Mwaka huu, baada ya chai ya kwanza ya mvua ndefu kuchumwa, binti yake alikuja kibandani akasema baba anakuita. Sikwenda kwa huruma. Nilikwenda kuona ana nini cha kuniambia. Nilimkuta ukumbini ameketi, koti limefungwa vifungo vyote, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Aligeuza kichwa kwa mlio wa viatu vyangu.

"Mama Moraa."

"Sema."

Alitoa bahasha ndani ya koti. Ndani kulikuwa na picha, karatasi nzuri nzito. Baba ameketi. Mke mkubwa kulia na wanawe. Kushoto Moraa wangu, kilemba kimelala upande, meno yake yale yaliyoachana mbele, ambayo mimi nilikuwa nimeanza kuyasahau. Kemunto kiunoni, amenyoosha mkono, ameshika mkono wa koti la baba yake.

"Ulisema umefuta."

"Niliwaambia wao nimefuta. Na wewe nikakuambia hivyo."

"Siku ya wazee ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo." Kisha uso wake ukabadilika, ukawa ule wa dukani. "Unaona huo mkono wa mtoto? Huo ndio ulinisumbua. Alikuwa amekunja koti. Moraa nilimmaliza saa moja, lakini ule mkono ulinichukua siku mbili. Nilirudisha kile kitambaa uzi kwa uzi. Hakuna mtu angejua."

Alisema hivyo na alikuwa anatabasamu kidogo.

"Ni pesa ngapi?" nikamuuliza.

"Sitaki pesa, Mama Moraa."

"Sijakuuliza unataka nini. Kuchapisha picha moja ni pesa ngapi?"

Aliinamisha kichwa. Kuku alipita katikati yetu. "Hamsini," akasema.

Nilikuwa na noti ya mia. Nikamwekea kiganjani. Aliipapasa pembe kwa pembe mpaka akaijua. "Sina chenji."

"Nitangoja."

Akamwita binti yake, akamtuma dukani, na duka liko mbali, mpaka barabara ya lami. Nilivuta kiti nikaketi. Alijaribu kuniuliza habari za Kemunto, kama ameolewa. Sikujibu. Tulikaa hivyo, yeye ameshika magoti, mimi nimeshika bahasha, mpaka msichana akarudi akihema na noti ya hamsini. Nikaipokea, nikaikunja mara nne, nikaitia kwenye leso. Kisha nikasimama nikaenda nyumbani.